Chokaa ya Msikiti

Washenga walikwisha kwenda na kurudi. Lililobaki ni Mzee Abubakar kumwona kijana mwenyewe kabla ya kutoa jibu kuhusu binti yake, Ummi. Basi Swabir akatoka Ukunda asubuhi, kanzu imepigwa pasi, chupa ya maji mkononi, akaenda kile kijiji kilicho juu ya majabali, kusini ya Msambweni. Akaambiwa wanaume wako msikitini, wanakwangua kuta. Si angengoja barazani kama watu wengine? Lakini wapi! Njia nzima alikuwa akinywa maji, na haja imemshika.

Ukingoni mwa jabali lilisimama tanuu la chokaa la kampuni moja ya zamani, bomba lake limeota majani. Swabir, mtoto wa mjini, akaona gofu tu. Akachutama mdomoni mwa tanuu, akajimalizia shida yake.

Tanuu likamjibu. Mawe meupe yakalia chwaaa, yakapasuka, mvuke ukapanda hata msikitini wakauona. Kumbe wanakijiji walikuwa wamechoma matumbawe wiki nzima, na chokaa ile ilikuwa ikingoja kuzimwa kwa maji.

Wanaume wakaja mbio. Mzee Abubakar akaitazama ile chupa, akacheka.

"Umeitilia maji, mwanangu? Si neno. Maadamu imeanza, na tuimalize."

Na Swabir, Mungu amsamehe, akanyamaza. Akapewa ndoo, akachota, akamwaga, akakoroga pamoja nao. "Kijana huyu ana mkono wa kazi," wakasema. Kila sifa ilimchoma kuliko ule mvuke.

Hata walipokaa kula, Ummi akichungulia kwa furaha nyuma ya pazia, mzee akasema, "Kesho inshallah tunaanza na ukuta wa kibla."

Swabir akalirudisha tonge siniani. Alitamani ardhi ipasuke immeze. Ummi anamtaka, wallahi anamtaka. Lakini msikiti upakwe najisi, na yeye anajua?

"Baba," akasema, macho kwenye sinia, "hayakuwa maji ya chupa."

"Yalikuwa ya wapi?"

Uso wake ulijibu. Pazia likaanguka, jikoni mtu akaangua kicheko, akazibwa mdomo. Swabir akainuka aondoke, kanzu imemganda mwilini kwa jasho la haya.

"Keti," akasema mzee. Hakucheka wala hakukemea. Akanawa mikono polepole. "Posa yako tumeisikia. Chokaa hatuna. Anza na chokaa."

Basi alasiri ilimkuta mchumba wa watu, kanzu kaikunja kiunoni, akipandisha matumbawe kutoka chini ya jabali hadi tanuuni mbele ya kijiji kizima. Watoto walikwisha kumpa jina: Bwana Maji. Ummi akaja na kata ya maji ya kunywa, uso kaufunika kwa leso. Akaiweka chini, mbali kabisa na tanuu.