Madirisha ya Gari la Sadallah

Sadallah alipokwenda kufanya kazi melini, mwaka ule wa Azimio, hakumwachia mkewe mtoto wala shamba. Alimwachia gari. Na lenyewe si gari kama la watu wengine: Bedford kuukuu lililojengewa chumba cha mbao mgongoni, ndani mna kitanda, kabati, meza ya kukunja, pipa la maji na madirisha manne ya vioo. Lilikuwa mali ya Mzungu mmoja mpima ardhi. Sadallah alimwendesha miaka mingi, wakizunguka maporini na kulala humo humo, na Mzungu aliporudi kwao akamwachia dereva wake. Watu wa mtaani, ambao hawajapata kushindwa kumbatiza mtu jina, wakaliita nyumba isiyo na kiwanja.

Kabla ya kuondoka Sadallah alimchukua mkewe, Mwaija, akamzungusha gari lote. Linyanyuliwe kwa jeki na kukalishwa juu ya magogo, ili matairi yasibebe uzito. Betri ichomolewe nyaya. Pipa likaushwe maji. Bomba la moshi lizibwe kwa kitambaa, panya wasije wakazaa humo, na kitambaa kitolewe kila injini inapowashwa. Vyuma vipakwe grisi, maana hewa ya Bagamoyo ina chumvi.

"Na madirisha uyafungue kila siku," akamaliza. "Gari likikosa hewa linaoza kwa ndani, Mwaija. Nikirudi tunapanda hili, tunakwenda zetu Pangani kwenu, hatutoki tena."

Mwaija aliyashika yote, lakini hilo la Pangani ndilo aliloondoka nalo moyoni. Alikuwa mtoto wa Pangani, na gari hilo ndilo lililomleta Bagamoyo akiwa bibi harusi. Njiani walilala Msata kando ya barabara. Kila lori lililopita lilitikisa kitanda, yeye akashtuka, na Sadallah akamcheka mpaka wote wawili wakawa wanacheka. Hajapata tena kulala usingizi mtamu kama ule.

Basi akalitunza. Alijifunga kanga kiunoni, akatambaa chini ya gari na kopo la grisi, akatoka amechafuka mpaka masikioni. Kila Jumamosi jirani yao Bwanaheri, fundi, alikuja kurudisha nyaya za betri na kupiga hendeli ili injini iwake, na Mwaija akakaa kwenye usukani kukanyaga mafuta. Mama mkwe wake, Bi Sihaba, alikuwa akitazama kutoka barazani.

"Mke mwenzio huyo, mwanangu," alisema. "Umemwogesha, umempaka mafuta, bado kumtia wanja tu."

"Huyu ana nafuu, mama. Hali, wala hasemi."

Kila alichoagizwa alikifanya, isipokuwa kimoja. Madirisha hakuyafungua.

Si kwamba alisahau. Asubuhi ya kwanza alikwenda, akashika komeo la dirisha la kwanza, na hapo hapo harufu ikamjia: tumbaku, mafuta ya nazi, petroli na jasho. Harufu ya Sadallah mwenyewe, kana kwamba ametoka sasa hivi kwenda msikitini. Akifungua, upepo wa pwani utaisomba yote kabla ya adhuhuri, na hatakuwa na kingine cha kumshika mume wake. Akaliacha komeo, akatoka, akafunga mlango.

Tangu siku hiyo ikawa ndiyo ada yake. Alasiri, kazi zikiisha, aliufungua mlango kidogo, akapenya upesi kama mtu asiyetaka kuku watoke bandani, akakaa kitandani akavuta pumzi. Hamu ilimbana. Wengine hamu huwapungua kwa kuzoea. Yeye yake iliota mizizi. Alijua anakosea, tena akijikaripia kwa sauti: kesho nitafungua. Kesho ikija, akasema kesho.

Masika ya pili akaona doa la kijivu kwenye pembe ya godoro. Akalifunika kwa mto, mambo yakaisha, au ndivyo alivyojiambia. Masika ya tatu mlango wa kabati ukavimba ukakataa kufunga, na ubao wa chini ya kitanda ukabonyea alipougusa kwa kidole. Chumba kizima kikanuka kuvu. Ili ampate Sadallah, sasa ilimbidi azamishe uso wote kwenye mto wa kitandani.

Ndipo akaja Haji, baharia aliyekuwa meli moja na Sadallah. Alisimama nje akapiga hodi, akamwamkia Bi Sihaba, kisha akamgeukia Mwaija.

"Shemeji, salamu zako. Mwezi wa kufunga ukiisha, mwenyewe yuko hapa."

Mwaija alicheka, halafu akayakumbuka madirisha. Mgeni alipoondoka alimweleza mama mkwe wake yote, macho chini. Mwanao atakuta gari limeoza, alisema, na kosa ni langu, na Pangani hatutakwenda tena.

Alitegemea kuchekwa. Bi Sihaba hakucheka.

"Mimi kanzu ya baba yake sikuifua mwaka mzima baada ya kumzika," alisema. "Lakini kanzu si mbao, mwanangu. Kafungue."

Akafungua yote manne. Upepo uliingia bila hodi. Mwaija alikaa kitandani akalia mpaka hapakuwa na cha kunusa. Kisha akainuka, akatoa godoro juani, akasugua kuta kwa limau na majivu, akajaza karafuu kabatini. Bwanaheri akabadilisha ubao.

Sadallah alirudi amekonda, amevaa saa. Tumbaku ameacha, na mwilini ananukia sabuni ya ugenini. Usiku wa kwanza Mwaija alimtafuta mume wake kwenye shingo ile, asimpate vizuri. Asubuhi Sadallah aligonga mbao moja moja, akapapasa vyuma, akashusha gari kutoka kwenye magogo. Hendeli mara moja tu, injini ikaitika.

"Umelitunza kuliko mimi," akasema, kisha akaona sanduku, mkeka, masufuria na kinu vimepangwa mlangoni. "Vyote hivi vya nini?"

"Vya Pangani."

Sadallah alichukua kitambaa akafuta mikono, ingawa haikuwa michafu sana.

"Tutakwenda tukamsalimie mama yako. Lakini mwezi ujao meli inaondoka, mke wangu, nimeshakubali. Mwakani, inshallah, ndiyo tutahamia."

"Ulisema hatutoki tena."

"Nilisema."

Mwaija alikirudisha kinu jikoni mwenyewe.

Walifika Msata jua la utosi, wakaegesha gari kivulini ili injini ipoe. Sadallah alifungua madirisha yote, akavua shati, akajitupa kitandani na usingizi ukamchukua. Malori yalipita, kitanda kikatikisika. Mwaija hakushtuka. Alimtazama jinsi jasho lilivyoanza kumtoka shingoni na kulowesha mto, na kwa mara ya kwanza tangu arudi akaisikia harufu yake ya zamani, kwa mbali, chini ya ile sabuni. Akainuka. Akafunga dirisha la kwanza, akateremsha komeo taratibu, akaenda la pili, mpaka la mwisho, kisha mlango.

Sadallah akafumbua macho, uso umelowa.

"Mbona umefunga, Mwaija? Joto lote hili."

"Lala, bwana," akasema. "Acha jasho likutoke."