Mgomba Nyuma ya Vyumba vya Kihara

Nilisikia mngurumo kabla sijaona tone la maji. Ulikuwa kama mvua ya Aprili ikipiga mabati ya Kawangware, mabati ya mtaa mzima kwa pamoja, ila mvua hii haikupumzika. Wanawake wa Kigondi, wenyeji wa huko, waliokuwa wakitoka msituni na kuni kichwani walinionyesha njia kwa vidole. Nikapita katikati ya miti, ardhi ikitetemeka chini ya viatu vyangu, mpaka miti ikaisha ghafla.

Hapo mto mzima ulikuwa unaanguka. Si kijito, mto, mpana kuliko uwanja wowote niliowahi kuuona Nairobi, mwekundu kwa udongo wa masika yao. Chini haukuonekana. Palikuwa na ukungu tu, unapanda na kurudi.

Sikwenda India kutazama maji. Nilikwenda kumchukua marehemu mdogo wangu, Shivachi.

Watu wa kanisa letu, wa Kawangware na wa Kibera, walifanya harambee wakampeleka huko kusomea uinjinia. Mwaka wa tatu simu ya maandishi ikaja kutoka chuoni: nguo zake zimekutwa juu ya mwamba kwenye maporomoko haya ya Bastar. Mwili haukupatikana.

Kwetu sisi Wamaragoli, mtu akipotea bila mwili huzikwa mgomba mahali pake, ili walio hai wapate kulala. Shamba la baba lilikuwa limekwisha kuuzwa. Mama yangu, Kavetsa, akaenda kumwomba mwenye ploti tunamopanga, Mzee Gerishon Kihara.

"Mtu sitaki azikwe hapa," Kihara alisema. "Lakini ndizi? Zika."

Basi tukazika nyuma ya vyumba, karibu na ua wa miiba ya kayaba. Lakini vijana waliotumwa bondeni kuleta mgomba walikuwa wazaliwa wa Nairobi. Badala ya kukata shina tupu, lioze kama mwili, kama inavyotakiwa, waliung'oa pamoja na kitunguu chake cha chini. Mvua iliponyesha, jani la kijani likatoka juu ya kaburi la Shivachi. Mama akalikata. Likatoka tena.

"Mama Phanuel," Kihara akacheka, akimwita kwa jina langu, "marehemu wako atanilisha ndizi!"

Mama hakucheka. Aliacha kula. Usiku nilimsikia ng'ambo ya pazia akimbembeleza mtu ambaye hakuwepo. Asubuhi moja akaniambia, "Huyu halali. Maji yamemshika. Nenda ukamwite, umlete."

Jirani yetu Mutiso alikuwa mpishi kwenye meli ya Mombasa na Bombay. Alinitafutia kazi ya kumenya viazi, nikavuka bahari nikinuka maganda. Kisha treni, kisha basi, kisha mngurumo ule.

Nilijua la kufanya. Unaokota jiwe mahali alipofia, unamwita kwa jina lake na la mama yake, unalifunga jiwe kwenye kitambaa, unaondoka. Ukiitwa nyuma, hugeuki.

Nikaokota jiwe. Nikajaza kifua.

"Shivachi wa Kavetsa! Umelala vya kutosha! Twende nyumbani!"

Maji yakameza sauti yangu kama yanavyomeza gogo. Nikaita tena, kwa hasira sasa. Nikalifunga jiwe, nikapiga hatua.

"Punguza kelele, Phanuel," mtu akasema nyuma yangu kwa Kimaragoli. "Unafukuza samaki."

Nikageuka.

Alikuwa amejifunga shuka kiunoni, wavu begani, miguu imepasuka kama ya mkulima. Mbavu zake ungeweza kuzihesabu.

"Wewe ni nani?" nikauliza.

"Shika mkono. Uone kama una joto."

Nikaushika. Ulikuwa na joto. Nikauachilia, nikampiga kofi.

Akajipangusa mdomo. "Hilo limetoka kwa Mama?"

"Hilo ni langu. La Mama ni zito zaidi."

Tukakaa juu ya mwamba. Alisema alifeli, akarudia, akafeli tena, chuo kikamtoa.

"Siku ile ninaondoka, kwaya ya Kibera iliimba uwanja wa ndege," alisema. "Waliimba 'injinia wetu'. Unakumbuka? Ningeshuka kwenye ndege na nini? Nikavua nguo, nikaja kusimama hapo ukingoni. Nilisimama mpaka miguu ikachoka. Wavuvi wa hapa walinikuta uchi, natetemeka. Wakanipa shuka na wavu. Hakuna aliyeniuliza nimefeli somo gani."

"Twende nyumbani."

"Mmenizika?"

Nikalitazama jiwe lililofungwa kitambaani.

"Mgomba?" Akaanza kucheka, kisha kicheko kikamkwama. "Nani alitupa udongo wa kwanza?"

"Mama."

Akageukia maji. "Basi imekwisha. Aliyezikwa haingii tena kwa lango. Unajua."

"Huvunjiwa ua upande wa nyuma, akapita hapo kama anayezaliwa upya. Hata wewe unajua."

"Ua wa nyuma wa Kihara ni kayaba, ndugu yangu. Miiba kama misumari. Nani atauvunja kwa ajili ya mtu aliyefeli?" Akainuka, akauweka wavu begani. "Chukua jiwe lako. Sema hukuniona."

Nilimtukana matusi yote niliyoyajua. Niliona tu mgongo wake ukishuka kuelekea mtumbwi, na ukungu ukamfunika. Sijui hata kama alinisikia.

Nilipofika Kawangware, Mama alikuwa nyuma ya vyumba, amechuchumaa kando ya kaburi. Chipukizi jipya lilikuwa limefika magotini. Pembeni palikuwa na sufuria ya maji yanayochemka, na mkononi alishika panga.

"Amekuja?" akauliza bila kunisalimu.

Nikampa jiwe. Alilibana shavuni, akafumba macho.

"Ni baridi," akasema. "Sasa atalala. Nikate hili na nichome mizizi, nisilione tena."

Kihara alikuwa ameegemea mlango wa choo. "Niachie hilo moja, Mama Phanuel. Wajukuu wangu wale ndizi."

Mama akainua panga. Nikamdaka mkono.

"Usikate. Hukumzika Shivachi. Nimemshika mkono, Mama, una joto."

Panga likaanguka matopeni. Kihara akavua kofia. Mama alinikazia macho mpaka nikatamani yale maji yangenichukua mimi.

"Kama yuko hai, kwa nini umekuja peke yako?"

"Anaona haya."

"Haya!" Akaketi juu ya kaburi, jiwe mapajani, akalipangusa kwa ncha ya leso kama uso wa mtoto. "Nimemtupia mwanangu udongo, naye ndiye anaona haya?"

Nyuma yake ua wa kayaba ulisimama mweusi, umesongamana, hauna hata tundu la kupita paka. Nikalishika tawi. Miiba ikaingia kiganjani, sikuachia.

"Nitarudi kwake, Mama," nikasema, na nilisema kwa sauti ili Kihara pia asikie. "Lakini kwanza nitaukata ua huu kwa mikono hii, hata Mzee akinifukuza chumbani leo hii. Na Shivachi atapita hapa hapa, mbele ya macho yako."