Hesabu ya Watoto wa Wakonyo

"Mimi siogopi kisu," Wakonyo aliwatangazia wanawake wote wa wodi pale Nyeri. "Namwogopa tu mtu akikishika."

Wakacheka, naye akacheka. Lakini asubuhi hiyo ya mwaka wa sabini na nne hakuna ambaye angemrudisha nyumbani Kiganjo. Uvimbe ulikuwa umemkalia ubongoni, upande wa kushoto, na ulishaanza kumla maneno. Sokoni alikuwa akiita viazi jembe. Mwanamke anayeuza kwa mdomo akiibiwa mdomo atauza na nini? Uvimbe ulikuwa lazima utoke, wote.

Daktari Ahmednoor, mtoto wa wauza ng'ombe wa Nanyuki, alikuwa amerudi kutoka ng'ambo na waya mpya, mwembamba kama unywele wa mahindi. Alimdunga ganzi, akamfungua fuvu, akamwacha macho.

"Nitagusa ubongo kwa umeme kidogo, mama. Ukiongea sawa, hapo nitakata. Ulimi ukikwama, naweka kikaratasi, na hapo sikati."

"Weka vichache. Sikuja kubandikwa stempu."

Wakaanza na picha. Ng'ombe, akasema. Sufuria, akasema. Kwenye picha ya kuku mdomo ulifunguka, kuku hakutoka. Kikaratasi cha kwanza. Waya ulipoondolewa tu, akapiga kelele: "Kuku! Kuku huyu mjinga!"

"Vizuri. Sasa nihesabie watoto wako. Kadi inasema ni kumi."

"Mmoja, wawili, watatu..." Alikwenda bila kusita hadi tisa. Akanyamaza.

Mama wa kwao hafungi hesabu ya watoto kwa kutaja idadi kamili. Akiifunga, amekiita kifo kije kuchukua chake. Wakonyo alizaa kumi, wote walikuwa hai, na kadi ile aliijaza Kahiga, mwanawe wa kwanza, si yeye.

Kikaratasi cha pili. Daktari akashusha pumzi. "Hapa ndipo katikati ya uvimbe. Nikipaacha, ni kama sikufanya kitu. Rudia, mama."

Akarudia. Tisa. Kimya.

Nesi Magdaline, ambaye Jumapili huketi naye benchi moja kanisani, akainama. "Mama Kahiga, ni nini?"

Angesemaje? Yeye ndiye aliyewahubiria akina mama wa kanisa kwamba miiko ya zamani ni upuuzi. Lakini mtoto hamtoi kwa kifo, na uvimbe habaki nao. Acha huyu daktari atafute njia nyingine.

"Ulimi umekwama," akasema.

"Kabisa?" akauliza daktari.

"Kama lori kwa matope! Waya yako ni kali. Nimesukuma hiyo kumi, ikanikaba hapa kooni."

Daktari akanyoosha mkono mbele ya macho yake. Waya ulikuwa katikati ya vidole, umelala.

"Mara hii ya pili sikukugusa, mama. Umeme nilikuwa nimezima."

Mabega ya Magdaline yakaanza kutikisika kwa kicheko. Daktari akakibandua kikaratasi cha pili, akawasha umeme.

"Watoto tuwaache. Sasa nihesabie mikungu ya ndizi," akasema. "Mpaka kumi."

Wakonyo alikuwa bado anatafuta uongo mwingine darini.