Namba Inayoishia na Sifuri

Mume wangu ni fundi cherehani, na futi yake ya kupimia ilikatika ncha zamani. Inaanzia moja. Yeye hupima hivyo hivyo, kisha anatoa moja kichwani, na nguo hazijawahi kumbana mtu. Ndiyo maana kwake sifuri si kitu.

Siku ya mtihani wa uuguzi wa binti yetu, tangazo getini lilisema: namba shufwa chumba cha kushoto, namba witiri cha kulia. Namba ya binti iliishia na sabini. Mlango ukishafungwa, ni mpaka mwakani.

"Sifuri haihesabiki," baba yake alisema, keshamshika mkono. "Tazama saba. Kulia!"

"Baba watoto, tuulize kwanza."

"Tuulize nini? Kwani mimi sikusoma?"

Huyoo, akaondoka naye. Nikawafuata nahema, namlaani kimoyomoyo, yeye na futi yake.

Msimamizi wa chumba cha kulia aliingiza namba kwenye kompyuta. Ikakataa. Akarudia, ikakataa tena.

"Si wa hapa huyu, mzee. Mashine inagawa namba kwa mbili. Ikibaki moja, ni witiri. Yake haibakizi kitu, ni shufwa. Mkimbizeni kushoto, wanafunga!"

"Lakini sifuri..."

"Rudi nyuma mbili mbili, mzee. Sita, nne, mbili. Halafu?"

Futi ya mume wangu haikufika huko.

Tukatimua mbio. Mlinzi alikuwa anauvuta mlango. Nikachomeka mguu bila aibu.

"Mama, toa mguu!"

"Utatoka mwanangu akiingia."

Binti alitufikia, baba yake nyuma yake. Nilikuwa nimekasirika. "Na wewe, unataka kuwa muuguzi, hata shufwa huijui?"

"Nilijua, mama. Tangu getini."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Alisugua mkono wake, alama za vidole bado zimekaa. "Baba alikuwa amenishika."

Akaingia. Mlango ukafungwa.

Mume wangu aliutazama mkono wake mwenyewe, akautia mfukoni. Nilitaka kumsema, nikajikumbuka mwenyewe. Tuulize kwanza, nilisema mimi, mwerevu. Na wa kuulizwa alikuwa katikati yetu, wala sikumgeukia.