Ngozi ya Kumlaza Mama

Jina la mama mkwe wangu silitaji. Kwetu milimani mke wa mwana hamtaji mkwe wake kwa jina, hata akiwa hayupo, na mimi niliyeishika adabu hiyo tangu siku niliyoolewa siivunji leo kwa ajili ya hadithi. Mwiteni Mama, kama ninavyomwita mimi.

Mama alikuwa fundi wa ngozi za kondoo. Kijiji kizima, aliyetaka koti la ngozi au ngozi ya kukalia alimletea yeye, na aliyeleta ngozi iliyochunwa ovyo alirudi nayo, na matusi juu. Mimi hakuniruhusu kuigusa hata moja. "Wewe kanda unga," aliniambia. "Hiyo mikono yako itanitia hasara." Basi nikakanda unga. Miaka ikapita, nikazaa, nikamwoza binti yangu Nurzada, bado nakanda unga.

Mwishoni mwa kiangazi akaanguka zizini. Upande wake wa kulia ukafa, na ulimi ukaenda nao. Katika maneno yake yote, na alikuwa nayo mengi, yalibaki mawili: "Ee Mola" na "mjinga". La kwanza alilitumia kwa nadra. La pili alimpa kila mtu, pamoja na imamu aliyekuja kumwombea dua, na imamu wa watu akajibu, "Amina."

Nilimlisha, nikamwosha, nikamgeuza. Ng'ombe haelemewi na nunduye, na sikulalamika. Lakini Mama ana mifupa mizito, na magodoro yetu ni ya pamba iliyokwisha kushikana. Baridi ilipoanza kuingia niliona chini ya kiuno chake, pale penye mfupa, pamekuwa pekundu, halafu peusi, halafu pamefunguka.

Muuguzi wa zahanati alipanda mpaka kwetu, akamtazama, akanivuta mlangoni.

"Endelea kumgeuza, unafanya vizuri," akasema. "Lakini mtafutie ngozi ya kondoo yenye sufu nzito, iliyotengenezwa sawasawa, alale juu ya sufu. Inabeba uzito na haimtoi jasho. Hiki kidonda kikifika mfupani, dada yangu, mimi sina dawa yake, na Naryn mjini hawana pia."

Ngozi ya kondoo! Katika nyumba ya fundi wa ngozi haikubaki hata moja ya maana. Za zamani zilikuwa zimepukutika sufu kwa kukaliwa, na nzuri zote zilikwenda na Nurzada alipoolewa mwaka uliotangulia. Kuomba kwa majirani ilikuwa kazi bure. Siku hizi wanunuzi hawazitaki ngozi, kwa hiyo watu huwatupia mbwa, wao wenyewe wanakalia vitu vya nailoni kutoka sokoni.

Mume wangu Esenbek akasema, "Tusingoje majira ya kuchinja. Tumchinje yule mweupe leo." Akamchinja, akamchuna taratibu kwa ngumi badala ya kisu, asije akaitoboa ngozi. Nilikuwa nimeshika chumvi mkononi niipake ikiwa bado mbichi, ndipo nikasikia gari getini. Wakwe zetu! Baba na mama wa mume wa Nurzada, wamevaa nguo za sherehe, wamekuja kutuamkia.

Asiyejua kwetu atauliza kwa nini sikusema, subirini kidogo nipake chumvi. Kwetu wanasema ukwe ni wa miaka elfu. Mkwe akiingia, mke wa nyumba hukaa kwenye chai, na haondoki hapo mpaka mgeni ainue viganja aombe baraka. Wanasema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Mkwe wa milimani hapewi jembe hata siku ya mia, hapewi hata kijiko aoshe.

Wifi yangu Batma alikuwepo, kama anavyokuwepo siku zote panapokuwa na nyama. "Wewe kaa na wageni, wifi," akaninong'oneza. "Ngozi niachie mimi."

Nikamwachia. Wakwe wakala ini na mafuta ya mkia kama inavyowastahili, wakalala, theluji ikaziba barabara, wakalala tena. Kila nilipoinuka, kikombe cha mtu kilikuwa kitupu. Walipoondoka nilikimbilia ukumbini nyuma. Batma alikuwa ameikunja ngozi mbichi vizuri sana, kama shuka, akaiweka nyuma ya jiko la moto.

"Nilihofia mbwa," akasema. "Na baridi."

"Na chumvi?"

"Chumvi ulikuwa nayo wewe!"

Nikaifunua. Harufu ilinijibu kabla ya macho. Nikampelekea Mama kitandani, kwa sababu nani mwingine ningempelekea? Akashika sufu kwa mkono wake mzima, akavuta kidogo tu. Ikatoka nzima mkononi, ikaacha upara. Mama aliitazama ile sufu, akatazama dari. Hakusema hata "mjinga". Nilikwenda zizini nikalia, maana kondoo tuliobakiwa nao walikuwa wa kuzaa, na kidonda hakingoji mtu.

Sasa, ulimi wa Batma una ubaya wake, na una baraka zake pia. Habari ya ngozi iliyooza aliifikisha ng'ambo ya mto kabla hata sijakauka machozi. Siku chache baadaye gari likasimama getini, akashuka Sonun, mama mkwe wa binti yangu, peke yake. Amevaa viatu vya mpira na koti la zizini, na begani ana ngozi nzito ya kijivu iliyokunjwa, nyeupe kwa chumvi.

"Karibu, mkwe," nikasema, roho juu. "Pita ndani, chai ipo."

"Chai nimekunywa kwako siku mbili, ikaozesha ngozi," akasema. "Leo sinywi. Beseni liko wapi?"

"Mkwe, haifai..."

"Haifai kufanya nini? Nimekuuliza beseni."

Akalipata mwenyewe. Aliinama juu yake, mikono mpaka kwenye viwiko ndani ya maji ya vuguvugu, anatoa mavi na miiba kwenye sufu. Mimi nimesimama kama mlingoti, sijui nimshike mkono au nilie. Batma akatokea.

"Wifi! Mkwe anaosha mavi ya kondoo, na wewe unatazama? Watu njiani watasema nini? Watasema ukoo wetu unawatumikisha wakwe!"

"Waambie nalipia yule binti mliyenipa," Sonun akamjibu bila kuinua kichwa. "Bado sijamaliza."

"Mjinga!" ikasikika kutoka ndani.

Tukatazamana sote watatu, kila mmoja akidhani ni wake. Nilipoingia nikamkuta Mama amejiinua kwa kiwiko, anapigapiga ubao wa kitanda na kunyoosha kidole dirishani, kwenye beseni lililokuwa uani. Nikaelewa. Tukaliingiza beseni chumbani kwake, na Esenbek akahamia kwa kaka yake, analalamika harufu huku anacheka.

Kuanzia hapo Mama ndiye aliyekuwa msimamizi. Nikisugua sufu, anapiga ubao, kwa kuwa sufu inayosuguliwa hushikana ikawa kama blanketi bovu. Inatakiwa kubonyezwa na kuachiwa. Sonun alipochukua kisu kikali akwangue nyama iliyobaki kwa ndani, Mama alikiomba, akakipima kwa dole gumba, akakitupa chini ya kitanda. Akaonyesha ukutani, kwenye kisu chake butu cha miaka yote. Alimpa Sonun, si mimi. Mimi alinipa kona ya kushikilia. Hata hivyo ilikuwa ngozi, haikuwa unga, na nilifurahi sana kuishikilia.

Sonun akabaki kulala kwetu, tukailoweka ngozi kwenye pipa la mbao, katika maji ya maziwa mgando yenye chumvi na unga wa shayiri, tukawa tunaigeuza asubuhi na jioni. Siku moja, tukiwa tumeinama juu ya pipa, nikamuuliza Sonun kwa nini anajitesa hivi.

"Mama yangu mzazi alikufa na kidonda kama hiki," akasema. "Hatukujua. Tulikuwa tunamwekea mito." Akageuza ngozi. "Halafu kuna jambo jingine. Bega langu hili linakataa kupanda. Tangu lianze kukataa, Nurzada ananisuka nywele kila asubuhi. Sijawahi kumwomba. Anakuja tu na kitana. Siku ile nilikuja kukwambia hilo, mkwe, nikushukuru kwa malezi. Nikala, nikasinzia, nikaondoka sijasema."

Nilikuwa nimemwaza binti yangu usiku mwingi, kama anaonewa, kama anakanda unga na kunyamaza. Nikashukuru palepale, kwa sauti, mikono ikinuka maziwa yaliyochacha. Sonun akanirushia matone usoni. "Geuza ngozi, acha kulia, chumvi inatosha."

Kidonda, lakini, hakikusikiliza hadithi zetu. Kilikuwa kinaingia ndani. Asubuhi moja nilipomgeuza Mama aliuma shuka. Nikaitoa ngozi kwenye pipa. "Inatosha!" nikasema. "Leo analala juu yake, iwe imeiva isiwe imeiva."

Sonun hakunizuia. Mama ndiye alinyoosha mkono. Akaikunja ngozi penye wembamba, pale kinenani, akaikunja tena, akaibana ile kona kwa vidole kwa nguvu zote, kisha akaifunua. Ngozi iliyoiva huacha mstari mweupe hapo kwenye mkunjo. Hapakuwa na mstari. Ningemlaza juu yake ingeoza chini yake, kidonda kingeoza nayo.

"Mjinga," akasema, akaisukuma irudi kwenye pipa.

Aliyekuwa anaoza ni yeye, na aliyekuwa na subira ni yeye. Niliirudisha. Kila siku nilimletea ile kona, akaibana, akatikisa kichwa, tukamgeuza, tukamsafisha, akauma shuka. Mpaka asubuhi aliyoifunua akaiacha wazi mbele ya macho yangu, akashika kidole changu akakipitisha juu ya mstari mweupe, mwembamba kama uzi.

"Ee Mola," akasema.

Ikadondosha maji kivulini, na ilipokuwa imekauka nusu tukaivuta. Ngozi isipovutwa ikiwa inakauka huwa ngumu kama ubao. Sonun alishika shingo kwa mkono wa bega zima, mimi mkia, Batma ubavu mmoja, kwa kuwa hata yeye mwishowe alivua pete akaja, na ubavu wa mwisho akashika Mama kwa mkono wake mmoja. Tukavutana huku na huku, tunatukanana na kucheka, mpaka upande wa ndani ukawa mweupe na laini. Tukaipaka mafuta ya mkia yaliyokorogwa na kiini cha yai, tukaichana sufu ikasimama. Jioni hiyo tukamlaza Mama juu yake. Akashusha pumzi ndefu, akalala mpaka asubuhi bila kuuma kitu.

Sonun aliondoka siku iliyofuata. Getini aliinua viganja akaniombea baraka, mikono yake imepasuka kwa chumvi. Mkwe amefanya kazi nyumbani kwangu, na kijiji kilisema kilichosema. Nami nasema Mungu amjaze.

Theluji ilipoanza kuyeyuka muuguzi alipanda tena. Akamgeuza Mama, akainua shati. Pale mahali palikuwa pamefunga, pana ngozi mpya ya waridi, imevutika kidogo pembeni. "Hamdulillahi," akasema. Akakataa chai, akashuka zake.

Nilikuwa namrekebishia Mama mto aliponishika mkono. Ukiacha siku ile ya mstari mweupe, tangu niolewe hakuwahi kunigusa ila kuninyooshea kitambaa cha kichwa mbele za watu. Akauvuta mkono wangu, akauingiza chini ya mgongo wake, kati ya mwili wake na sufu, palepale palipokuwa na kidonda. Palikuwa pakavu, pana joto. Akautulizia uzito wake wote, akanitazama, na jicho lake moja likatoka machozi. Kisha akasinzia. Jikoni maziwa yakaanza kufurika, na Esenbek akaniita mara ya kwanza, akaniita mara ya pili, akaja akasimama mlangoni. Nikamwambia ayaache yafurike.