Mkata Nyama na Samaki wa Kiambere

Jumamosi hiyo niliamka saa kumi na moja alfajiri, nikaoga, nikavaa rinda la kanisani, kisha nikamwambia mume wangu Ndambiri, "Baba Mutugi, leo tunatoka. Na usiniambie mambo ya ng'ombe, nishapata wa kukamua."

Ndambiri alinitazama kana kwamba nimesema tunahama. Miezi kumi na minne alikuwa hajavuka lango letu hapa Runyenjes, ila kwenda kliniki, tangu kiharusi kimlegeze mkono wa kulia. Na kutembea anatembea! Alichoogopa ni meza za watu. Kwa miaka mingi mbuzi akichinjwa katika ukoo wetu, iwe harusi au mahari, aliyeitwa kushika kisu ni yeye. Kazi yenyewe si mchezo: kila kiungo kina mwenyewe, na ukimkosesha mzee mmoja fungu lake utasikia habari hiyo mpaka Krismasi. Sasa kisu kinamponyoka, naye akaapa hatakaa tena panapoliwa. Hata nyumbani alikula akinipa mgongo. Jamani, miaka arobaini na mmoja ya ndoa, halafu nile nikitazama shati! Iliniuma, na ilinikasirisha.

Wifi yangu Ednah, muuguzi mstaafu, alifika na Probox yake akipiga honi kama anapeleka bibi harusi.

"Ndambiri, ingia gari. Ukikataa nakubeba."

Akaingia. Dada mkubwa hakataliwi.

Tukateremka hadi Embu, tukapita Kiritiri, joto likaanza kutuchoma, nami nikafungua dirisha nikaimba nyimbo zote za kwaya ninazozijua. Wazee watatu, ukitujumlisha tunapita miaka mia mbili, na hatuendi matanga wala hospitali! Bwawa la Kiambere lilipotokea, maji mengi vile katikati ya nchi kavu, nilipiga yowe mpaka Ednah akakanyaga breki. Ndambiri naye aliteremsha kioo chake ili aone vizuri.

Karibu na maji kulikuwa na kibanda cha mabati. Mama mwenye kibanda alisema chakula ni kimoja tu, samaki. Tulitazamana. Sisi watu wa mlimani samaki tunawajua zaidi kwenye Injili. Lakini njaa ilikuwa imetubana, tukakubali.

Alileta mmoja mkubwa, mzima, kichwa na macho na yote, juu ya sinia, pamoja na ugali. Kisu hakikuwepo. Ednah alinawa mikono, halafu kwa mazoea tu akasema, "Haya Ndambiri, tugawie."

Nilitamani kumfinya. Mume wangu aliuficha mkono wake chini ya meza. Safari yangu yote ilikuwa inaharibikia hapo.

"Sasa hii mbavu yake iko wapi?" Ndambiri akauliza polepole.

"Ni hapo tu, mzee," mama akajibu. "Vuta na vidole, itatoka yenyewe."

Akautoa mkono. Ule wa kulia! Vidole vikagusa ubavu wa samaki, na nyama ikaachia. Akavuta tena, ikaachia tena. Akaniinulia uso mimi mkewe, anacheka na yale meno yake machache.

"Nelius! Umeona? Hii inakubali!"

Basi hakushikika. Alimgawa samaki yule kama mbuzi wa mahari. Ubavu mmoja wa dada yake. Ubavu wa pili wa mama wa kibanda, maana ndiye mwenye boma, na ikabidi aketi ale. Mkia akajiwekea mwenyewe. Mimi nilikuwa nacheka na kulia kwa pamoja, wala sikuona aibu.

Kikabaki kichwa. Katika ukoo wetu kichwa ni cha wazee wa kiume, na tangu niolewe sijawahi kukionja. Ndambiri alikisukuma mbele yangu.

"Baba Mutugi, hiyo ni ya wanaume."

"Hiyo ni ya mwenye amesimamia boma," akasema. "Huu mwaka wote, ni nani amesimamia?"

Nilikishika kwa mikono miwili nikaanza kula, sijui mfupa ni upi na nyama ni ipi, na sijawahi kula kitu kitamu hivyo.