Pampu ya Bosi Huruma

Karakana ile ya magodoro ilikuwa na madirisha manne, na yote yalipigwa misumari. Upepo ukiingia sufi inapaa, na sufi ikipaa ni hasara. Ndivyo alivyosema mwenye karakana. Basi wanawake waliojaza magodoro walishinda humo wakimeza vumbi, nyuzi zimewaganda mpaka kwenye kope. Kando ya mlango ilining'inia pampu ya dawa ya kifua, moja kwa wote. Ukibanwa, unavuta, unarudi kazini. Kwa pampu hiyo tu, mwenye karakana akabandikwa jina la Huruma. Huruma! Makubwa haya.

Mkongwe wa kazi, Bi Sindano, ndiye aliyeivuta kuliko wote, na miaka nenda miaka rudi alimtetea bosi wake. "Anatujali, jamani. Kwingine ukikohoa unaonyeshwa mlango." Hata mdogo wake alipoajiriwa hapo, ni yeye aliyemfundisha kuivuta.

Sasa alikuwa anatoka kwa daktari, na maneno ya daktari yalikuwa yamemkaa kooni.

"Dawa haina kosa, mama," daktari alimwambia. "Inalegeza misuli, njia za hewa zinafunguka, unapumua. Lakini vumbi halikukupa likizo. Kuta za njia hizo zimenenepa, zimejaa makovu. Pampu haiwezi kuyafuta hayo."

"Kwa hiyo miaka yote hii, ile nafuu ilikuwa ya nini?"

"Ya kukurudisha vumbini, mama."

Njia nzima Bi Sindano alikuwa akisonya peke yake, watu wakimpisha. Kumbe alikuwa anapakwa mafuta kwa mgongo wa chupa! Alipofika mlangoni alimkuta mdogo wake kainama, kifua kinapiga filimbi, pampu mdomoni. Huruma alikuwa akimpigapiga begani.

"Vuta, binti, vuta. Hapa hatuachi mtu ateseke."

Damu ilimchemka Bi Sindano. Hakusalimia mtu. Aliokota nyundo ya kung'olea misumari, akapanda juu ya rundo la magodoro na kulivamia dirisha la kwanza. Msumari ukalia, ukatoka. Akapumzika, akakohoa, akang'oa mwingine. Dirisha likafunguka kwa kishindo na upepo ukaingia, haukubisha hodi.

"We mama, umerukwa na akili?" Huruma alipiga kelele, mikono hewani akidaka sufi. "Mali yangu yote inaishia barabarani!"

"Na iishie!" Alikuwa ameshahamia dirisha la pili. "Sufi ni mali yako, sawa. Na kifua changu je, kilikuwa mali ya nani?"

Huruma alifumbua mdomo, sufi ikamwingia. Akaanza kukohoa, na kwa mara ya kwanza jicho lake likaenda kwenye ile pampu. Hakuna aliyempa.

Dirisha la pili lilifunguka, lakini Bi Sindano hakufika la tatu. Pumzi zilimkatikia. Aliporomoka akakaa juu ya godoro, midomo imebadilika rangi, mkono kaunyoosha. Mdogo wake alimkimbilia na pampu. Akavuta, akavuta tena, machozi ya hasira yakimtoka, maana hata leo hakuwa na namna bila hiyo.

Alipopata sauti kidogo, alimsukumia mdogo wake nyundo mkononi.

"Pampu niachie mimi," alisema. "Wewe malizia yale mawili."

Mdogo wake alimtazama bosi, akaitazama nyundo, kisha akapanda.